Nyeupe Ipi, Mama?

Mteja akifika Keko na kusema anataka makabati ya jikoni meupe, fundi wa umaliziaji anayeijua kazi yake hakimbilii kutaja bei. Anauliza kwanza: "Nyeupe ipi, mama?" Mama anatoa simu, anaonyesha picha. Fundi anaitazama kwa adabu, anairudisha, kisha anaanza kuuliza mambo yasiyokuwemo kwenye picha. Dirisha la jiko linatazama wapi? Nje ya dirisha kuna nini? Taa ni za aina gani? Jiwe la kaunta limeshanunuliwa au bado? Na hapo nyumbani, nani anapika?

Nimekaa sana kwenye karakana za Keko, kule Temeke, Dar es Salaam, nikiwatazama mafundi hawa, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: rangi ya jiko haichaguliwi kwenye simu, wala kwenye kitabu cha rangi pale dukani. Inachaguliwa juu ya kibao, ndani ya jiko lenyewe, na anayeifanya iwe rangi kweli ni yule fundi wa mwisho anayebaki na msasa mkononi seremala akishakusanya vyombo vyake. Seremala tunamsifu. Mwenye nyumba tunamsifu kwa kuchagua vizuri. Huyu aliyesimama katikati yao hatumtaji, ilhali kazi yake ndiyo tunayoiona kila tukiingia jikoni.

Tuanze na hiyo nyeupe. Ipo nyeupe inayovuta bluu, ipo inayovuta njano, ipo yenye kijivu ndani yake, na ipo yenye wekundu mdogo sana ambao huwezi kuuona mpaka uiweke karibu na nyingine. Kila moja ikiwa peke yake, utaapa kwamba ni nyeupe tupu. Ziweke mbili bega kwa bega na moja inageuka chafu papo hapo. Wajerumani waliliona tatizo hili mapema, wakaanzisha mfumo wa namba za rangi unaoitwa RAL mwaka 1927, ukiwa na rangi 40 tu. Leo orodha yake ya kawaida ina zaidi ya 200, na ndani yake nyeupe si moja. Namba 9010 ina joto, inaegemea njano kidogo. Namba 9016 ni ya baridi zaidi. Fundi anayesema "nipe namba" hajidai usomi, anakukinga na ugomvi wa baadaye, siku mlango mmoja utakapoharibika na kuhitaji kupakwa upya peke yake.

Weupe wenyewe, kwa sehemu kubwa ya rangi za leo, unatokana na unga wa titani. Unga huo unaupinda na kuutawanya mwanga kwa nguvu kuliko karibu kila kitu kingine cheupe, ndiyo maana mikono michache ya rangi inatosha kuufunika ubao. Zamani walitumia risasi, ambayo ni sumu, na zinki, ambayo hufunika kidogo. Madini ya titani yamechimbwa hapa hapa pwani: kule Kwale, kusini ya Mombasa, mchanga mweusi wenye madini hayo ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024 na kusafirishwa nje kupitia bandari ya Likoni. Matumizi makubwa ya madini ya namna hiyo duniani ni kutengeneza rangi. Kwa hiyo haitakuwa ajabu ikiwa kopo jeupe lililotoka ng'ambo na kuuzwa Kariakoo lilianzia safari yake kwenye mchanga wa Pwani.

Sasa mwanga. Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wetu, kwa sababu maarifa haya hawakuyapata kwenye majarida. Majarida ya Ulaya yanasema jiko lenye dirisha la kaskazini lina mwanga wa baridi usiobadilika, basi lipake rangi za joto. Kwao ni kweli, kwa sababu jua lao la mchana daima huwa upande wa kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua la Juni hupita upande wa kaskazini, la Desemba hupita upande wa kusini, na mara mbili kwa mwaka hupita utosini kabisa. Dirisha la kaskazini kwetu huingiza jua katikati ya mwaka. Anayefuata ushauri wa jarida bila kuupima atajikuta mwezi wa saba na jiko la rangi ya krimu lililogeuka njano iliyoiva. Kwetu swali kubwa ni mashariki au magharibi. Jiko la mashariki hupata mwanga mkali mweupe wakati wa chai, halafu linatulia siku nzima. Jiko la magharibi hubaki na kivuli asubuhi, na jua likielekea kuzama, wakati watu wanaanza kupika cha usiku, mwanga mwekundu unaingia moja kwa moja na kila kitu cheupe kinakuwa cha machungwa.

Na kuna kile kilichoko nje. Mwembe ulioshiba majani karibu na dirisha huleta ukijani ndani, hasa kwenye milango inayong'aa. Ukuta wa jirani uliopakwa rangi ya matofali huleta wekundu. Bati jipya la banda la kuku hupiga mwanga mweupe mkali kwenye dari. Ndiyo maana fundi aliuliza.

Usiku huja taa, na taa ni mtihani wake. Balbu ya njano, ile iliyoandikwa 2700 au 3000 kwenye boksi, huifanya nyeupe ya joto ipendeze na nyeupe ya baridi ionekane imechoka. Balbu nyeupe ya 6500 hufanya kinyume chake, na rangi ya krimu chini yake inakuwa na sura ya ugonjwa. Balbu nyingi za bei rahisi zina upungufu wa mwanga mwekundu. Chini yake nyama mbichi inaonekana ya kijivu, nyanya haina uhai, na mbao ya mninga inapoteza ule wekundu wake wote ulioulipia. Fundi mmoja alimwambia mteja wake mbele yangu anunue taa kabla ya kununua rangi. Mteja alishangaa. Ulikuwa ushauri mzuri kuliko wote niliousikia mwaka ule.

Basi kibao. Fundi mzuri hachovyi kidole kwenye kopo na kukipaka ukutani. Anachukua kipande cha ubao ule ule utakaotumika kwenye milango, kiwe na upana wa kutosha walau futi moja kila upande, anakipitisha hatua zote ambazo mlango utapitia, puti, praima, msasa, rangi, na nusu ya kibao anaimalizia kwa mng'ao, nusu nyingine bila mng'ao. Halafu anasema kisimamishwe wima pale kabati litakapokaa, kwa sababu mlango huonekana ukiwa umesimama, haulali mezani. Kitazamwe asubuhi, mchana, jioni, na usiku taa zikiwa zimewashwa.

Ile nusu kwa nusu ndiyo inayofunza. Rangi moja, kopo moja, mkono mmoja, lakini unaona rangi mbili. Upande unaong'aa rangi ni nzito na ya kina, kwa sababu mwanga unarudi kwa mkupuo upande mmoja na jicho linapata nafasi ya kuona rangi yenyewe. Upande usiong'aa una vibonde na vilima vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinautawanya mwanga kila upande, na mwanga huo mweupe unachanganyika na rangi na kuipausha. Kwenye nyeupe tofauti ni ndogo. Kwenye bluu ya usiku, kijani cha chupa, au nyeusi, tofauti ni kubwa mno, na nimewahi kuona mume na mke wakibishana kwamba fundi ametumia makopo mawili.

Halafu kuna ujirani wa rangi. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zimepauka. Chevreul akazipima, akakuta weusi wake hauna kasoro. Tatizo lilikuwa ni rangi zilizofumwa kando yake: jicho likiona rangi mbili pamoja, kila moja huisukuma nyingine kuelekea upande ulio kinyume nayo. Aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1839. Jikoni sheria yake inafanya kazi kila siku. Kabati la kijivu kisichoegemea popote, likiwekwa juu ya kaunta yenye wekundu, litaonekana lina ukijani. Nyeupe iliyo karibu na ukuta wa kijani itaonekana ina wekundu kidogo. Mteja atarudi kulalamika kwamba amepewa rangi siyo, na fundi atatoa kile kibao, akiweke kando, kisha akiweke juu ya kaunta, na mteja ataiona rangi ikibadilika mikononi mwake.

Kwa hiyo mpangilio wa kuchagua una mantiki yake: jiwe kwanza, rangi baadaye. Rangi inaweza kuchanganywa, ikapunguzwa njano au kuongezwa kijivu mpaka ikubali. Jiwe halibadiliki. Ukishapenda bamba lako la granaiti, beba angalau kipande chake hadi kwa fundi wa rangi.

Na hapo niseme neno kuhusu jiwe, maana watu wanaumia. Marumaru halisi, lile jiwe lenye mishipa linalotamaniwa kwenye picha, ni jiwe la chokaa. Ndimu inalila. Ukwaju unalila. Siki inalila. Tone moja likikaa jioni hadi asubuhi linaacha alama iliyofifia ambayo kufuta hakuiondoi, kwa sababu si doa, ni jiwe lenyewe limeliwa. Kwa nyumba ya Pwani, ambako hakuna siku inayopita bila ndimu jikoni, naona ni ukatili kumuuzia mtu kaunta hiyo bila kumweleza. Granaiti, ndugu wa ile miamba ya Mwanza, haijali ndimu. Ina vijitundu vidogo vinavyokunywa mafuta, basi hupakwa dawa ya kuziba na kurudiwa kila baada ya muda. Bizari ya manjano hutia doa kila kitu, hilo kila mpishi analijua, lakini rangi yake hufifia juani, na mama wengi huacha sahani zao zenye madoa uani mpaka jioni zirudi zikiwa safi. Mlango mweupe wa kabati huwezi kuupeleka uani.

Sasa njoo karibu, tuangalie kazi yenyewe.

Makabati mengi ya kisasa yanatengenezwa kwa MDF, ubao wa nyuzi za miti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kubanwa kwa joto kiwandani. Ukibanwa hivyo, ubao unakuwa mgumu zaidi juu na chini kuliko katikati. Ukiukata kwa msumeno, unaufunua ule moyo wake laini, na ukingo huo una kiu. Utapaka rangi, ukingo utainywa. Utapaka tena, utainywa tena, na nyuzi zitasimama na kukwaruza kidole. Uso wa mlango utakuwa umeshaiva, ukingo bado una sura ya karatasi iliyolowa. Ukitaka kujua ubora wa jiko lolote, usitazame uso wa mlango, fungua na upitishe kidole kwenye ukingo wa chini, pale ambapo muuzaji alitumaini hutapagusa.

Fundi ninayemtazama huanzia hapo. Anaukata ule ukali wa kona kwa msasa, milimita moja au mbili tu, kwa sababu rangi ikikauka hujivuta na kuikimbia kona kali, na kona isiyo na rangi ndiyo ya kwanza kuchubuka. Kisha anaupaka ukingo gundi nyeupe ya mbao aliyoizimua kwa maji, anaacha inyweke, inakauka, anapiga msasa namba 180, anapaka tena. Wakati mwingine anamalizia na puti nyembamba. Milango iliyochongwa mifereji ni kazi zaidi, kwa sababu kila mfereji umefunua moyo ule ule, na msasa hapo haushikwi na mashine, unakunjwa na kuingizwa kwa ncha ya kidole.

Baada ya praima kukauka, anafanya jambo ambalo kwa mara ya kwanza lilinishtua. Anachukua rangi nyeusi iliyozimuliwa sana na kuupulizia mlango ule mweupe vumbi jepesi la weusi, mlango mzima. Halafu anafunga msasa namba 320 kwenye kipande cha ubao bapa na kuanza kusugua. Pale palipo juu, weusi unaondoka mara moja. Pale penye bonde, weusi unabaki, doa dogo, mstari, alama ya skrubu iliyozibwa ikanywea. Mikono yetu haiwezi kuhisi bonde hilo na macho hayawezi kuliona, lakini rangi ya mwisho inayong'aa ingelitangaza kwa kila mgeni. Anajaza puti, anasubiri, anapulizia weusi tena, anasugua tena. Harudii kwa kubahatisha. Anasugua mpaka weusi wote umeondoka, na hapo tu ndipo anaposema ubao umenyooka.

Kupuliza kwenyewe hakuchukui muda. Anamwaga maji sakafuni ili vumbi litulie. Anachuja rangi kwenye kitambaa. Anaonja mgandamizo wa kompresa kwa kupuliza kwenye boksi. Kisha anaanza na kingo, halafu uso, mkono ukienda sambamba na mlango, umbali wa kiasi cha sentimita 20, bila kukikunja kiwiko kwa namna itakayoupeleka mdomo wa bunduki ya rangi kwenye upinde, na kila mpito ukiufunika nusu ya uliotangulia. Anabonyeza kabla ya kufika ukingoni na kuachia baada ya kuupita. Akikaribia sana rangi inachuruzika. Akiwa mbali sana inakauka hewani na kutua ikiwa vumbi. Ikiwa nzito mno, au hewa haitoshi, uso unatoka na vijibonde vya ganda la chungwa, na kazi nzima inarudi kwenye msasa.

Na kuna hali ya hewa. Rangi za NC, zile zinazokauka haraka kwa tina, haziipendi masika. Tina ikiruka inaupoza uso wa mlango, unyevu uliojaa hewani unatua juu yake, na rangi inapata ukungu mweupe wa maziwa ndani yake. Fundi hapulizi asubuhi na mapema wala mvua ikiwa imetanda. Anasubiri saa nne, saa tano, jua lipande kidogo. Mteja anayepiga simu kuuliza mbona kazi haijaisha hajui kwamba kusubiri huko ndiko kazi.

Akimaliza, anawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa mlango, mwanga ukitambaa juu ya uso. Kila chembe ya vumbi inatupa kivuli kirefu. Anaziwekea alama, siku ya pili anazisugua na msasa wa maji namba 2000, na kupiga polishi mpaka alama ya msasa ipotee. Kwa mlango usiong'aa hana nafasi hiyo. Ukisugua usiong'aa, unautia mng'ao mahali pamoja, basi chembe moja ina maana ya kuupuliza mlango wote upya. Watu hudhani rangi isiyong'aa ni kazi rahisi kwa kuwa haionyeshi makosa. Kwa fundi ni ngumu zaidi, kwa sababu haisamehi.

Hapo ndipo lile swali la nani anapika linapopata uzito. Katika nyumba ya chapati na samaki wa kukaanga kila jioni, moshi wa mafuta hutua kwenye kila mlango wa juu. Dada wa kazi akiona mafuta yameganda anachukua kile kilichopo, na kilichopo ni stili waya. Kwenye mlango unaong'aa stili waya inaacha mikwaruzo inayoonekana, lakini fundi anaweza kuiondoa kwa polishi. Kwenye mlango usiong'aa inaacha mabaka yanayong'aa, na hayaondoki. Nyeusi isiyong'aa, ambayo siku hizi kila kijana anaitaka, huonyesha unga wa ngano, alama za vidole, na matone ya maji yaliyokauka. Mafundi wengi ninaowaheshimu wanamshauri mteja mng'ao wa kati kwa milango iliyo karibu na jiko la gesi, na vishikio vya kweli badala ya milango ya kusukuma kwa kidole. Nakubaliana nao kabisa.

Rangi ya mafuta nyeupe, ile ya milango na madirisha, ina siri nyingine: gizani inageuka njano. Ndani ya kabati, ambako mwanga haufiki, weupe wake huchakaa upesi kuliko upande wa nje unaopigwa na mwanga kila siku. Anayejua hili hatumii rangi hiyo humo hata kama ni nafuu.

Wanaodhani umaliziaji ni pambo tu wangefaidika kulitazama jiko la Frankfurt. Mwaka 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo la takriban mita 1.9 kwa 3.4 kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi zilizojengwa na manispaa ya jiji hilo, na majiko kama 10,000 ya aina hiyo yakafungwa. Ndilo mama wa majiko yote ya kisasa ya kabati za kupangwa. Kila umaliziaji ndani yake ulikuwa na kazi. Makabati mengi yalipakwa bluu inayoelekea kijani kwa sababu iliaminika kwamba nzi hawapendi kutua kwenye rangi hiyo. Droo za unga zilikuwa za mti wa mwaloni ili kuwafukuza wadudu wa unga, na ubao wa kukatia ulikuwa wa mti mwingine mgumu unaovumilia kisu. Vyombo vya mchele na sukari vilikuwa vya aluminiamu, na mkono wa kumiminia na jina la kilichomo mbele yake. Hakuna kilichochaguliwa kwa sababu kilipendeza kwenye picha, na bado jiko lile linapendeza mpaka leo, kiasi kwamba Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lina moja katika hazina yake.

Aliyeongoza mradi ule wa nyumba ni msanifu Ernst May. Utawala wa Hitler ulipoifanya Ujerumani isikalike kwake, alikuja Tanganyika mwaka 1934 na kuwa mkulima karibu na Arusha, kisha akahamia Nairobi na kurudi kwenye usanifu. Jengo la ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, pale Moshi, ni la mkono wake. Wapitao pale kila siku wanapita karibu na kazi ya mtu aliyelipa jiko la kisasa nafasi ya kuzaliwa.

Tukirudi kwenye majiko yetu ya leo, sipendi sana makabati ya karatasi iliyochapwa picha ya mbao. Fomaika ya rangi moja naiheshimu, ni ngumu, haiogopi sufuria, inajitambulisha ilivyo. Lakini karatasi inayojifanya mninga, yenye fundo lile lile la mti likijirudia kila mlango wa tatu, inanihuzunisha katika nchi yenye mninga. Mninga wa kweli haufanani hata ubao kwa ubao, mmoja una kahawia ya dhahabu, mwingine umeiva wekundu, na fundi anaweza kutumia asubuhi nzima akizipanga mbao sakafuni kabla hajakata hata moja, ili rangi zipokezane vizuri toka mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Rafu moja au mbili za mninga zilizopakwa klia isiyong'aa, juu ya makabati yaliyopulizwa rangi tulivu, zinatosha kulitia jiko uhai bila kumfilisi mtu.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lipite. Rangi ngumu za kisasa, zile zinazochanganywa na hadina kabla ya kupulizwa, zinadumu kuliko zote, na ndizo nzuri zaidi kwa jiko. Hadina yake ina kemikali inayoharibu mapafu na kuleta pumu ya kudumu. Katika karakana nyingi fundi anajifunga kitambaa puani na kuendelea. Kitambaa hakizuii mvuke ule. Tunaifurahia kazi ya mikono yake na kuacha kifua chake kiharibike kwa bei tuliyoibana sisi wenyewe.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kujenga jiko, omba vibao, na uvilipie, kwa kuwa kila kibao kimebeba siku za kazi. Kaa navyo jikoni wiki nzima kabla hujatoa neno la mwisho. Kama ni masika, mpe fundi muda wa kungoja jua. Siku ya kukabidhiwa kazi, pitisha kidole kwenye kingo za chini na uilaze tochi ubavuni mwa milango, na ukikuta amefanya kazi yake, mwambie hivyo mbele ya watu. Na unapojumlisha gharama, baada ya granaiti, bawaba na balbu, andika mstari mmoja zaidi: barakoa ya fundi yenye vichujio vya kuzuia mvuke wa rangi, na vichujio vya kubadilisha.